Ufizi wa Mota

Mjomba wangu hutengeneza meno. Si daktari, hang'oi wala hazibi. Daktari humletea plasta iliyochukua umbo la kinywa cha mgonjwa, naye hukaa nayo kwenye benchi lake nyuma ya kliniki, na nta yake, na taa yake ndogo, na vikopo vya unga wa rangi ya ufizi, mpaka yatoke meno ambayo mwenyewe akicheka hata jirani yake wa kila siku hashtuki. Kazi hiyo ameifanya tangu hajaota ndevu za maana. Husema jino la bandia likisifiwa limeshaharibika, kwa sababu aliyelisifu ameliona.

Jina lake halisi halitumiki sana. Tunamwita Mapafu. Jina hilo alilipata kwenye mlima ulio nyuma ya mji wetu, wenye mnara wa simu kileleni, ambako kila Jumamosi sisi wenye baiskeli hupanda kwa njia ya miguu inayopita katikati ya miti ya mbao, juu ya mizizi na mawe. Wengine tukifika juu tunajitupa chini, hatuna hata nguvu ya kutukana. Yeye anakuwa ameshakaa kitambo, anamenya chungwa. Mimi huwa wa mwisho na sioni haya, maana nakwenda pale kwa ajili ya mteremko.

Ana pacha, Mjomba Mkate, msimamizi wa tanuri kwenye kiwanda cha mikate. Mkate ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo ndiye kaka, na Mapafu amekuwa akimfukuza tangu siku ile. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiwatofautisha kwa harufu, mmoja hamira, mwingine plasta. Surua waliugua pamoja. Mvi zilipoanza, zilianza juu ya sikio lile lile. Mlimani Mkate alikuwa akifika wa pili, nyuma kidogo ya mdogo wake, na mpangilio huo uliwatosha wote wawili kwa miaka mingi.

Mwaka juzi goti la kulia la Mapafu likaanza kusaga. Halafu na la kushoto, kwa wivu. Alikwenda kwa daktari wa mifupa bila kumwambia mtu. Daktari akamwonyesha picha na kumwambia gegedu, ule mto laini wa katikati ya mifupa, imelika, asikanyage tena kwa nguvu kwenye miinuko, na kama hawezi kuishi bila baiskeli basi anunue ya umeme, zipo za mlimani, atakwenda nayo kazini na huko porini atapanda nayo pia. Aliyasema hayo kwa wepesi wa mtu anayekushauri kubadilisha viatu. Mjomba alitoka pale anaona aibu hata kumtazama mlinzi wa getini.

Aibu hiyo alikuwa ameitengeneza mwenyewe, tena kwa mdomo wake. Baiskeli za umeme alikuwa akiziita vitanda vya wagonjwa vyenye pedali. Mkunga mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuja Jumamosi na ya kwake, mpya, inang'aa, na Mapafu akamuuliza mbele ya watu kama muuguzi wake anafuata nyuma. Tulicheka. Yule mama alipanda mpaka juu, akashuka, na hatukumwona tena. Sasa mcheshi wetu alikuwa na picha ya magoti yake ndani ya bahasha, hajui aiweke wapi.

Akapanda basi mpaka mji mwingine, asikojulikana. Dukani alimkuta dada muuzaji mwenye mikono ya grisi, anayejua kazi yake, ambaye kitu cha kwanza alimuuliza baiskeli ni ya nani.

"Ya kaka yangu," mjomba akasema. "Pacha wangu. Magoti yamemwishia."

Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye, na alipofika hapo aliacha kunitazama. Alisema maneno yale yalimtoka kabla hajayafikiria, na pale dukani hayakumuuma hata kidogo. Yalianza kumuuma ndani ya basi, wakati wa kurudi.

Dada akamwambia kama wanafanana basi ajaribu kwa niaba yake. Ya kwanza ilikuwa na mota kwenye gurudumu la nyuma. Ilichelewa kusukuma, halafu ikiisha kuanza haikusikia la mtu. Kwenye kokoto za nyuma ya duka aliacha kukanyaga na yenyewe ikaendelea, nusura imtie kwenye uzio. Ya pili mota yake ilikaa katikati, palipo na pedali. Hiyo ilisoma mguu. Ukikanyaga taratibu inakusaidia taratibu, ukiongeza inaongeza, ukiacha inaacha. Nyuma ya duka palikuwa na kilima kifupi chenye makorongo. Mjomba alikipanda, akafika juu, akagundua kwamba magoti yake yamenyamaza. Anasema alikaa kule juu kidogo, akijifanya anakagua breki, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Sasa hapo mtu mwenye akili angefuata ushauri. Dada alimtolea baiskeli yenye fremu nene, betri kubwa, shokapu mbele na nyuma, na kiti kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe ili ukiteremka kisikusumbue. Akamweleza kwamba kwa mtu wa magoti mabovu anayekwenda kazini siku tano na porini siku moja, hiyo ndiyo yake, betri itampeleka na kumrudisha bila wasiwasi na mgongo hautaumia. Mjomba akaizunguka, akaisifu, kisha akauliza ipi kati ya zote haionekani kama ni ya umeme. Dada hakumwelewa, ikabidi aulize mara ya pili. Mwisho akachukua nyembamba, yenye betri ndogo iliyofichwa ndani ya bomba la chini la fremu na shokapu za mbele peke yake. Betri ile ingemtosha kwenda kazini na kurudi, au kupanda mlima, siyo vyote kwa siku moja. Yaani alichagua kwa macho ya watu, magoti hayakuulizwa.

Nyumbani alisema ameokota baiskeli kuukuu kwa mtu anayehama. Akaanza kuitengeneza kliniki, jioni baada ya kazi. Mambo ya kwenda kazini aliyafanya waziwazi: madigadi ili asifike ametapakaa tope, keria ya nyuma ya kubebea kisanduku cha chakula, taa mbili, na usukani akaunyanyua kidogo ili viganja visife ganzi. Breki za diski alizibadilisha akaweka kubwa zaidi, maana kile kitu kilikuwa kizito. Tairi aliweka za meno makubwa, za porini, hata kwa ajili ya lami. Tulidhani ni ushamba wa mlimani. Kumbe zile tairi zinavuma kwenye lami, na mvumo wake hufunika sauti ya mota.

Kisha zikaja kazi za siri. Skrini aliing'oa. Kitufe cha kuwashia akakichimbia chini ya mpira wa usukani, pale kidole gumba kinapolala. Maandishi yote ya kiwandani aliyasugua kwa msasa, akapaka rangi ya kijani iliyochoka kama ya baiskeli yake ya zamani. Ikabaki mota yenyewe, bonge lililovimba katikati ya pedali, ambalo mtoto yeyote wa mtaani angelitambua.

Hapo mjomba akafanya anachokijua. Akachukua umbo lake kwa nta, akamwaga plasta, akatengeneza gamba la akriliki, ile plastiki ngumu ya meno, lililolikumbatia bonge lile na kuendelea na fremu kana kwamba zimezaliwa pamoja, mfano wa vile vikinga vya mawe ambavyo watu wa porini huweka. Aliacha matundu madogo kwa chini ili mota ipumue. Rangi aliilinganisha karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana, kama anavyolinganisha meno, kwa sababu taa hudanganya. Akaisugua kwa mchanga na mafuta machafu mpaka ikazeeka. Kichwani mwake aliliita ufizi. Mimi mwenyewe niliwahi kuliegemezea buti langu nikifunga kamba, nikaona kikinga cha mawe tu.

Mkaza mjomba, yaani mkewe, ndiye peke yake aliyeuliza. Alitaka kuisogeza ile baiskeli apige deki, ikakataa kunyanyuka.

"Baba watoto, hii imekula nini?"

Akajibiwa ni chuma cha zamani. Alimtazama mumewe kwa muda, halafu akapiga deki kuizunguka. Betri ilikuwa ikichajiwa kliniki, nyuma ya magunia ya plasta, na waya wake umefunikwa kwa koti la kazini.

Jumamosi ya kwanza Mapafu alirudi mbele kama hakuwahi kutoka. Na yeye alikuwa ametoka kweli, kwa sababu miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa akisuasua, na Mkate naye akisuasua ubavuni mwake, wakitaniana kwamba uzee umewapigia hodi. Sasa ghafla mmoja amepona. Tulipofika juu tulimkuta na chungwa lake. Aliniambia kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuhema. Alikuwa akisikia tunakaribia anaanza kuhema kwa nguvu, na nakiri alihema vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunahema kweli. Watu walimpigia makofi. Alisema kila kofi lilimchoma, lakini hakusema kwamba alitaka yaishe.

Aliyeumia ni Mkate. Mtu mwingine akipitwa na mwenzake husema huyu ana nguvu kuliko mimi, mambo yakaisha. Mkate hana nafasi hiyo. Maisha yake yote, akitaka kujua mwili wake umefikia wapi, humtazama mdogo wake. Na sasa mdogo wake alikuwa anapanda kama kijana, na yeye, wa tumbo lile lile na mifupa ile ile, anasukuma kwa miguu kuanzia katikati ya mlima. Akaona jambo moja tu linaweza kueleza hilo: ndani yake kuna kitu kimeharibika.

Akaacha mkate, yeye aliyeishi kwa mkate. Akaacha sukari. Akaenda kupimwa damu, akapimwa moyo, akapigwa picha za kifua. Kila kitu kizima. Daktari akamwambia ni umri tu, mzee wangu. Mkate akamjibu kwamba ana pacha, na pacha wake hana umri huo. Akabadilisha daktari. Mashati yakaanza kumpwaya na sisi tukaanza kunong'ona, na hakuna aliyemnong'oneza mwenyewe.

Siku moja akamuuliza mdogo wake waziwazi afanye nini. Mapafu akamwambia, "Nikupe siri gani, kaka? Ni kupumua tu."

Aliniambia kwamba tangu hapo hakuweza kumtazama pacha wake usoni bila kutafuta kitu cha kushika mkononi. Jumamosi iliyofuata alijaribu kurekebisha mambo kijinga. Kwenye kona ya mawe alizima mota ili Mkate amfikie. Baiskeli ile bila umeme ni kama kusukuma kabati. Magoti yakapiga kelele, na kabla kaka yake hajatokea kwenye kona alikuwa ameshaiwasha tena. Aliona aibu kwa kuiwasha, na hakuizima tena.

Kisha Mkate akamwomba wapande wawili tu, siku ya kazi, alasiri. Alisema anataka kujipima mara ya mwisho. Mapafu hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuitamka. Mkate alikaa nyuma ya gurudumu lake tangu chini, ameuma meno. Mapafu anasema alimsikia akihema nyuma yake, mhemo wa kweli, na kila alipopunguza mwendo yule naye alidhani anahurumiwa, akazidi kukaza. Karibu na mizizi mikubwa ile sauti ikakatika. Alipogeuka, Mkate alikuwa chini, baiskeli imemlalia mguuni, anatapika.

Akamkalisha kwenye jiwe, akampa maji. Mkate alisukutua, akatema, akangoja pumzi irudi.

"Mdogo wangu," akasema, "nina ugonjwa. Hawajauona, lakini ninao. Nimeshazungumza na shemeji yako. Nimemwambia likitokea lolote, mambo ya nyumba na watoto akuulize wewe. Wewe bado unayo miaka."

Mapafu aliinuka, akaokota jiwe, akaenda kwenye baiskeli yake. Alitaka kulibandua lile gamba lakini alikuwa amelitengeneza vizuri mno, halina pa kushika. Ikabidi aligonge. Aligonga mara nyingi, vipande vya kijani vikirukia kwenye majani, na kaka yake akimtazama kama anatazama mtu aliyerukwa na akili. Bonge likatokea.

"Kaka, tazama."

Mkate akaja taratibu, akachuchumaa kwa shida, akaligusa kwa kidole. Lilikuwa la moto.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Goti?"

"Yote mawili."

Mkate aliondoa kidole. Kisha akauliza kama hiyo inamaanisha yeye hana ugonjwa. Mapafu akamwambia hana, hana chochote, magoti ni ya familia. Mkate akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akainua baiskeli yake, akateremka nayo bila kuaga. Mapafu akauchukulia ule ukimya kuwa msamaha. Wanaume wa ukoo wetu hupenda sana kuamini hivyo.

Jumamosi akaja mbele ya kikundi na baiskeli imevuliwa nguo, mota nje, skrini imerudishwa mahali pake. Akatueleza kila kitu, hata gamba, hata kuhema. Alitegemea kuzomewa. Watu walicheka mpaka wakashika miti. Seremala mmoja akamuuliza kama inapiga na redio. Mwingine akataka kujua kama muuguzi wake anafuata nyuma. Mapafu akacheka nao, macho yamelegea kwa nafuu, akaanza hata kuwaeleza faida za mota ya katikati. Mimi sikupenda. Alikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyefanya alichofanya, na pale mbele yetu Mkate hakuwepo.

Tuliposhuka aliniomba nimsindikize kwa kaka yake. Nadhani hakutaka kwenda peke yake. Tulimkuta Mkate uani, kiti chake kirefu kando, ameigeuza baiskeli yake magurudumu juu, anasafisha cheni kwa kitambaa. Nilimsalimu, akaniitikia kwa upole, akaniuliza habari za mama. Salamu ya mdogo wake aliiitikia pia. Hakuacha kusafisha.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wote."

"Wamecheka?"

"Wamecheka sana, kaka."

"Vizuri."

Cheni ikazunguka. Mapafu akaanza kuomba radhi, kwa maneno mengi, mota na uongo na mlima, mpaka Mkate akaweka kitambaa chini.

"Wewe mlimani umenipita tangu utotoni," akasema. "Kwa mota au bila mota, mimi nimezoea. Hilo halinihusu. Lakini mambo yetu yote tumeyapata pamoja, bwana. Surua pamoja, ndevu pamoja, mvi pamoja. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na umeniacha nizeeke peke yangu."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilimtazama Mjomba Mapafu na nikatamani nisingekuja. Kile kicheko cha asubuhi kilikuwa kimemtoka chote. Uso ukashuka mpaka nikaona mvi za utosini. 

Akatafuta mahali pa kukaa. Karibu naye palikuwa na kreti la mikate lililopinduliwa. Akaanza kuliinamia, na katikati magoti yakagoma, akabaki hivyo, hajakaa wala hajasimama, mkono mmoja hewani unatafuta kitu cha kushika. Mkate hakumtazama. Alinyoosha mguu, akakisukuma kiti chake mwenyewe, kile kirefu, mpaka kikagusa paja la mdogo wake.

"Kalia hiki," akasema. "Hilo kreti litakutesa kuinuka. Mimi linanitesa."

Mjomba akakaa.